Sekunde Tatu kwa Kila Picha

Jumapili, tarehe 22 Juni. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa majira haya unaopita tambarare yote bila kukutana na cha kuuzuia, ukafika hapa Sumbawanga na vumbi na baridi kwa pamoja. Jua limewaka siku nzima, lakini lilikuwa jua la kuangalia tu. Bati la jirani lililolegea limegonga tangu asubuhi mpaka nimelizoea.

Naandika nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo nitajitahidi nisimwonee mtu. Darasa la saba nilimaliza, sekondari niliishia kidato cha pili, na kupanga maneno si kazi yangu. Kazi yangu ni cherehani, hapa hapa nyumbani kwa mama. Nyingine, ambayo sina hakika kama inastahili kuitwa kazi, ni kuchora kwenye simu.

Nachora kwa kidole. Kioo kina ufa kuanzia kona moja, na mstari ukipita hapo unaruka, kwa hiyo watu wangu wote nawachora upande wa kushoto wa ufa kisha nawasogeza. Kwa muda mrefu nilikuwa naposti michoro hivyo hivyo ilivyo, na watu wakiipita kama wanavyompita muuza mchicha asiyeita. Ndipo nikajifunza kutengeneza video ya picha. Unaipanga michoro kwenye programu, programu inaipitisha mmoja baada ya mwingine, unaweka na wimbo. Nikafanya hivyo kwa wanawake wanaopura ulezi, kwa foleni ya mashine ya kusaga, kwa mafundi baiskeli. Watu wakaanza kusimama. Siyo wengi, lakini walisimama, na mtu aliyezoea kupitwa akisimamiwa kidogo anapata kiburi. Naona niliseme hilo mapema maana lina sehemu yake katika yaliyotokea leo.

Kaka yangu mkubwa anataka kuoa. Mchumba wake ni wa Mbeya, mtumishi, yuko kwenye ofisi moja kule mpakani Kasesya. Ni msichana mzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyotokea. Baba yetu hayupo, na kwa upande wa baba neno la mwisho analo shangazi, dada yake mkubwa, anayeishi Mollo. Mchumba analetwa, anamsalimia shangazi kwa salamu ya kwetu, na shangazi akiridhika anasema amesalimiwa. Akishasema hivyo, wazee wanaweza kufunga safari kwenda kwao binti kupeleka posa. Asiposema, hakuna anayekwenda popote.

Watu wa mbali wataona ni jambo dogo. Binamu yetu alileta mke wa kutoka mjini, binti wa watu, amesoma, akamwambia shangazi "shikamoo" vizuri kabisa, ila akiwa amesimama wima na mkoba begani. Wana watoto watatu sasa, na mkubwa ameanza shule. Mpaka leo shangazi akimtaja anasema "yule aliyesimama." Kaka aliliogopa hilo kuliko kitu kingine.

Kwa asiyejua, shikamoo peke yake kwetu haitoshi kwa mtu kama shangazi. Mwanamke anatua mzigo, anasogea pembeni asisimame mbele ya mkubwa, anapiga magoti, anakunja viganja kidogo kama anakinga maji, na anapiga makofi taratibu huku akisalimia. Mkubwa anaitikia na kuuliza habari za nyumbani, za safari, za wazazi, na kwa kila jibu makofi yanaendelea chini chini. Huinuki mpaka uambiwe. Ndiyo hivyo. Nimelelewa nayo, sikumbuki kufundishwa.

Mwanzoni mwa mwezi huu kaka alikuja akasimama mlangoni nikiwa nashona.

"Sasa wewe kila siku unachora wanawake wanapura ulezi," akasema. "Mchore mmoja anasalimia basi. Huyu mwenzangu akajifunze."

"Si nimwelekeze kwa simu?"

"Nimeshamwelekeza. Anasema haelewi mikono inaenda wapi. Na mimi mwenyewe sijui, sijawahi kupiga magoti."

"Basi nimrekodi mama, rahisi."

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwendea na simu, nikamwomba apige magoti asalimie, nimrekodi kidogo tu.

"Namsalimia nani?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Unaonyesha tu."

"Nipigie magoti kiti?"

"Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti."

"Nikupigie magoti wewe!" Alicheka mpaka maharage yakamwagika, halafu akaacha kucheka. "Hapana. Mpigie shangazi yako umuulize kama inafaa."

Nikampigia. Shangazi akasema salamu si maigizo, na makofi hayapigwi bila mtu wa kuyaitikia. Akaniuliza ninaposali rozari huwa namrekodi nani. Lakini kuhusu mchoro hakusema kitu, maana mchoro si mtu, haumpigii mtu magoti. Kwa hiyo tukabaki na mchoro.

Hapa lazima niseme ukweli mmoja. Kasesya si mbali kiasi hicho. Gari la Matai lipo kila siku, na kutoka Matai mtu anafika. Ningeweza kwenda, nikampigia magoti wifi yangu mara moja chumbani kwake, nikala nikarudi. Wazo hilo lilinijia, nakumbuka hata lilinijia nikiwa nafanya nini, nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nikaliacha lipite. Nilitaka michoro ionekane. Nilijiambia itamsaidia yeye na wengine, na labda ni kweli, lakini nilitaka ionekane.

Nikachora picha tisa. Mwanamke anaingia na kikapu. Anatua kikapu. Anasogea pembeni. Anapiga magoti. Anainua viganja. Viganja vinakutana. Mkubwa kwenye kiti anaitikia. Viganja tena. Mwisho anainuka. Mwanamke nilimpa mabega ya mama, na mkubwa nikampa uso wa shangazi, na mpaka sasa naamini ni michoro mizuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Viganja peke yake nilivirudia sijui mara ngapi. Vilikuwa vinaonekana kama vya mtu anayeomba hela, nikavikunja zaidi, vikawa kama vya mtu anayeosha uso.

Kisha nikaingia kwenye ile programu, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Ninayotumia ni toleo la bure. Kuna mambo inakubali na mengine inakuambia ulipie. Mtindo wa kupitisha picha inauchagua yenyewe kama hukuwa makini. Mara ya kwanza iliweka ule wa kugeuza, ikawa mwanamke anapiga magoti huku nyumba inapinduka. Nikabadilisha. Ikaweka mioyo myekundu inayodondoka kutoka juu, na shangazi akawa amekaa katikati ya mioyo kama bibi harusi. Nikabadilisha tena. Nikapata ule wa picha moja kufifia na nyingine kutokea, wa heshima, nikashukuru.

Halafu muda. Kila picha ilikaa sekunde tatu. Nikataka nipunguze kwenye picha za viganja, maana makofi hayakai sekunde tatu, makofi ni haraka haraka na laini. Nilipoburuta kile kipimo kushuka, kikarudi chenyewe kwenye tatu na kufuli dogo likatokea. Toleo la bure haliruhusu chini ya hapo. Nikaburuta tena kana kwamba nitaichosha. Haikuchoka.

Basi nikasema angalau kuwe na sauti. Nikafunga mlango, nikajirekodi napiga makofi. Mara ya kwanza bati la jirani likaingia. Mara ya pili mama akaniita kuuliza kama kuna mgeni, maana alisikia nasalimia. Nilipopata safi nikaiweka chini ya picha, na ikawa vituko. Makofi yanalia wakati mwanamke ndiyo kwanza anatua kikapu, na viganja vinapokutana kwenye picha sauti imeshaisha. Nikaisogeza mbele, nikairudisha nyuma. Bando likaanza kuniaga, maana programu yenyewe haifanyi kazi bila mtandao na katikati inakuletea matangazo ya mchezo wa kupanga pipi. Nikaitoa sauti. Nikaweka wimbo wa gitaa uliomo humo humo, wa taratibu, usio na maneno. Nikajiambia mtu mwenye akili ataelewa.

Nilipoposti kwenye ukurasa wangu, mtandao ukakata picha juu na chini ili ziwe za mraba. Magoti yote yakaondoka. Mwanamke anapiga magoti na magoti hayapo! Ikabidi nifute, nirudi kwenye kila mchoro niongeze ukuta juu na sakafu chini ili vikatwe hivyo badala ya magoti. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi ya mtoto wake akakuta haijaguswa. Alikuwa na haki ya kununa. Alinuna.

Mwishowe ikakaa. Nikaiposti, nikaitupia na kwenye kundi la familia, na kaka akamtumia mchumba wake. Kule Kasesya simu mara ishike mtandao wa kwetu, mara wa Zambia, kwa hiyo ilichukua siku mbili kumfikia. Ikamfikia.

Nilitegemea kundini watu wataniambia kama nimekosea. Hilo nililitaka, nilisema kabisa, "Ndugu zangu nirekebisheni." Ndugu mmoja wa Kabwe, kule ziwani, akaandika, "Huyo kwenye kiti ni shangazi mtupu, hahaha." Mwingine akauliza wimbo unaitwaje nimtumie. Mwingine akasema mwanamke ningemnenepesha kidogo. Watu wakaweka vidole gumba na maua. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mbona anakaa hivyo kila hatua?" Siwalaumu. Wao wanaijua salamu, kwa hiyo walipoona picha tisa vichwa vyao vilijaza katikati vyenyewe. Hata mimi nilijaza. Mtu mmoja tu kati ya walioitazama video ile hakuwa na cha kujazia, naye ndiye ilitengenezwa kwa ajili yake.

Wifi akaniandikia Ijumaa. "Wifi mambo! Nimeiangalia mpaka nimeikariri. Jumapili niko vizuri." Nikamjibu poa, karibu sana. Nilifurahi. Nilimwonyesha mama ule ujumbe.

Leo baada ya misa shangazi alikuja na bajaji, kajifunika kitenge juu ya koti la marehemu mume wake. Tukamkalisha sebuleni kwenye kiti chenye mto. Mama akakaa mkekani pembeni yake, mimi karibu na mlango wa uani, kaka hakai, anatembea. Gari la Matai likachelewa. Shangazi akauliza mara mbili kama binti amepotea, na kaka akasema ni barabara, akasema kwa sauti ya mtu anayejibu polisi.

Wifi akaingia na kikapu. Kavaa kitenge kizuri, kichwa kafunga. Akatua kikapu chini.

Akasimama.

Nikadhani anatafuta pa kusogea. Kisha akasogea pembeni, akasimama tena, mikono imetulia. Halafu akapiga magoti vizuri sana, macho chini, na akaganda. Nje bati likagonga. Shangazi akamtazama mama. Wifi akainua viganja, amevikunja sawasawa kabisa na nilivyochora, kidole gumba mahali pake, na vikabaki hewani hivyo hivyo, vimeachana.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu moyoni bila kutaka. Moja, mbili, tatu. Akapiga kofi. Moja tu, na kwa nguvu, kama anayefukuza kuku. Viganja vikabaki vimeshikana. Moja, mbili, tatu.

Kaka alikuwa anamwangalia mchumba wake, kisha akageuka akaniangalia mimi.

Shangazi akaitikia, maana mtu akisalimia lazima aitikiwe. Wifi hakusema kitu. Alikuwa anasubiri picha ya mkubwa iishe. Mama yangu, na hili sitalisahau, alikuwa naye ameinua mikono ili apige makofi ya kumsindikiza, akaona mwenzake hapigi, akaiacha mikono hewani, akamsubiri. Wakawa wawili wameganda, mmoja magotini na mmoja mkekani.

"Binti," shangazi akasema, "unaumwa mgongo?"

Moja, mbili, tatu. "Hapana, shangazi."

"Magoti?"

Moja, mbili, tatu. "Hapana, shangazi."

"Maana naona kila ukifika mahali unapumzika."

Nyuma ya dirisha kulikuwa na watoto wa jirani wamekuja kuchungulia mgeni. Mmoja akacheka, akazibwa mdomo.

"Umefundishwa na nani?" shangazi akauliza.

"Nimejifunza mwenyewe, shangazi," wifi akasema. Safari hii hakusubiri. Nilijua amesema hivyo ili kunificha, na sikuweza kuliacha.

"Ni mimi, shangazi," nikasema. "Nilimtumia michoro. Kwenye simu."

"Lete."

Nikampelekea. Akaishika simu mbali na macho, mkono umenyooka, akaiangalia mpaka mwisho. Video zile zikiisha zinaanza upya zenyewe. Akaendelea kuangalia.

"Mbona ameinuka halafu ameingia tena?"

"Inajirudia, shangazi."

"Nani kamwambia arudie? Si ameshasalimia?"

"Ndivyo inavyokuwa."

"Maskini." Akaangalia tena. "Huyu kwenye kiti ni mimi."

"Ndiyo, shangazi."

"Hata doa la shavuni umeliweka." Sikujua kama ni sifa au ni lawama. "Na makofi yako wapi?"

"Kuna wimbo, shangazi. Sauti ya makofi ilikataa kukaa."

"Sijauliza wimbo."

Kaka akajaribu kuingilia, akasema ni mambo ya programu, sekunde hazipungui mpaka ulipie. Shangazi akamwangalia kama mtu aliyezungumza Kichina. Nilijaribu kueleza mimi, nikavuruga zaidi. Utamwelezaje mtu kwamba heshima yake imecheleweshwa na kufuli dogo kwenye kioo?

Shangazi akanirudishia simu. Akamgeukia wifi, ambaye alikuwa bado magotini, maana hakuna aliyemwambia ainuke.

"Inuka, mwanangu. Wewe hukukosea. Umefanya ulichoonyeshwa, na umefanya chote. Wasichana wetu wenyewe siku hizi wananisalimia kwa 'mambo'." Mama akacheka kidogo, nikadhani tumepona. Lakini shangazi akaendelea. "Ila mimi bado sijasalimiwa. Siwezi kusema nimesalimiwa na sijasalimiwa. Leo umekuja kama mgeni, na mgeni tutamlisha vizuri. Siku utakayopata nafasi utakuja kwangu Mollo, ulale siku mbili, ndipo tutaliongea hilo lingine."

Wifi akasema, "Sawa, shangazi, nitakuja." Alisema kwa uso mkunjufu. Likizo yake ni Agosti. Kwa hiyo posa ambayo wazee walikuwa wameshaipangia mwezi ujao haiendi, na kaka alishawaambia watu wa Mbeya wajiandae.

Kwa haki, shangazi hakumdhalilisha mtu. Angeweza kusema maneno mabaya, na wengine wangesema. Angeweza pia kusema uongo mmoja mdogo, "nimesalimiwa," yakaisha, na kuna wakati mchana huu nilimchukia kwa kutousema. Nimefikiri tena, na sioni kwa nini yeye ndiye aseme uongo ili video yangu ionekane imefanya kazi.

Kaka alinifuata uani nikiwa namwaga maji.

"Umeniharibia."

"Wewe ndiye uliyesema nichore."

"Nilisema mchore anasalimia. Sikusema mchore sanamu."

"Uliiona Jumatatu. Ulisema kali."

"Nilisema kali kwa sababu ni kali! Mimi najua salamu za wanawake?"

Alikuwa sahihi na mimi pia nilikuwa sahihi, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote ya kugombana na mtu. Akapiga teke ndoo, siyo kwa nguvu, ya plastiki, ikaenda mpaka kwenye ukuta. Nje ya uzio watoto walikuwa wameshaanza mchezo mpya. Mmoja anapiga magoti, anaganda, wenzake wanahesabu, anapiga kofi moja, anaganda. Wakacheka wakaanguka. Nikawafukuza. Wakahamia kwa jirani.

Kwa kuwa amekuwa mgeni, wifi hakuruhusiwa jikoni. Alikaa sebuleni kwenye kochi akapakuliwa kuku, na kila tulipompelekea kitu alikuwa anainuka nusu kutaka kusaidia, shangazi anamwambia, "Kaa, mgeni." Lilikuwa neno zuri na lilimuuma. Niliona.

Tulipomsindikiza stendi nikabaki naye nyuma kidogo. Kaka alitangulia na kikapu kitupu.

"Wifi, nisamehe," nikamwambia.

"Usijali, wifi. Unajua mimi nilidhani zile pozi ndiyo heshima yenyewe? Nikasema moyoni, hawa Wafipa ni watu watulivu jamani. Kwetu tungekuwa tumeshasalimiana na chai tumekunywa." Akacheka, kisha hakucheka. "Nilikuwa najifunza chumbani kwangu na simu iko kitandani. Ilikuwa inanichosha magoti, na sikutaka kuuliza. Nikasema nikiuliza mtaona sijui."

"Ungeuliza."

"Na wewe ungekuja," akasema, kwa upole tu, siyo kwa kunisuta. Gari likapiga honi akapanda.

Nimerudi nikafungua simu. Video imetazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Watu nisiowajua, wa Mpanda, wa Tunduma, wa Dar, wanaandika "utamaduni wetu," "hongera dada," "weka nyingine." Mama mmoja ameandika kwamba atamwonyesha binti yake anayesoma mbali ili asisahau kwao. Nimeusoma huo ujumbe mara nyingi. Wiki iliyopita ningeuonyesha nyumba nzima. Leo nimemwona huyo binti nisiyemjua, chumbani, simu iko kitandani, anaganda.

Nikaifuta kwenye ukurasa. Kundini siwezi kuifuta, wameshaihifadhi, na ndugu wa Kabwe ameiweka kwake na kuandika "kazi ya dada yangu." Nilimwomba aitoe. Akajibu, "Kwa nini, mbona nzuri?" Nikaanza kumweleza, nikaandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikamwandikia kwamba haina makofi. Akatuma kicheko. Sijui kama alielewa. Sijui pia kama nilifanya sawa kuifuta. Mama anasema michoro haikukosa lolote, nimeionea. Anaweza kuwa sahihi, yeye ndiye mabega yake yako mle.

Nimemwambia kaka kwamba Jumamosi nitapanda gari niende Kasesya mwenyewe, nimfundishe wifi kwa mikono yangu, ili Agosti akifika Mollo asianze upya. Hakunitazama. Akasema, "Usiende na simu."

Jioni tumekula ugali wa ulezi na mchuzi wa yule kuku, maana minofu iliishia kwa wageni, na majani ya maboga aliyoyaunga mama kwa karanga. Firigisi mama alimwekea kaka. Akaisukuma pembeni ya sahani, ikakaa pale mpaka ikapoa, nikaila mimi.